Maji na vyoo wilayani Kongwa: shajara ya mradi, Mei hadi Desemba

Kijiji kiko Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma. Kina watu wapatao 2,300, shule ya msingi yenye wanafunzi 520 na zahanati moja. Chanzo cha maji ni kisima kirefu cha mita 96 chenye kasingi (bomba linaloshikilia kuta za kisima) ya milimita 150, injini ya dizeli, pampu ya mhimili, tangi la mawe la lita 50,000 kilimani na magati sita, yaani vituo vya kuchotea maji. Timu ilipofika, magati mawili tu ndiyo yalikuwa yanatoa maji. Injini ikikosa dizeli au mkanda, watu hurudi korongoni kufukua mchanga na kuchota pale pale ng'ombe wanaponywea.

Fedha ni michango ya hisani. Kazi inafanywa pamoja na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, na chombo cha watumia maji cha kijiji, CBWSO, kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Maji na vyoo vimewekwa katika mradi mmoja kwa sababu ya macho. Kongwa inajulikana kwa ugonjwa wa vikope, na inzi anayeueneza kutoka uso wa mtoto mmoja hadi mwingine huzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi. Ndani ya shimo la choo hazaliani. Maji bila vyoo yataosha nyuso ambazo inzi watarudi kuzichafua. Vyoo bila maji vitawaacha watoto na tongotongo usoni.

Mei: kupima kisima

Mpango ulikuwa kuweka pampu ya sola mahali pa ile ya dizeli, lakini hakuna kilichonunuliwa kabla ya kupima. Sola imeua visima vingi kwa sababu ya pampu kubwa kuliko kisima: maji yanashuka hadi kwenye pampu, pampu inavuta hewa na mchanga, mota inaungua. Kumbukumbu za mchimbaji wa zamani zilionyesha kisima kinatoa mita za ujazo 20 kwa saa, lakini hazikusema kilipimwa kwa muda gani. Namba ya namna hiyo haitumiki kununulia pampu.

Injini ilizimwa siku nzima ili maji yarudi kwenye kina chake cha kawaida. Maji yalitulia mita 34.2 kutoka juu. Pampu ya majaribio yenye jenereta ikavuta kwa hatua tatu, saa mbili kila hatua, mtiririko ukipimwa kwa pipa la lita 200 na saa ya mkononi. Pipa likijaa kwa sekunde 120, ni mita za ujazo 6 kwa saa; sekunde 72 ni 10; sekunde 51 ni 14. Kwa 6 maji yalishuka hadi mita 38.9, kwa 10 hadi mita 44.6. Kwa 14 yalifika mita 57 na bado yalikuwa yanashuka hatua ilipokwisha. Jibu liko hapo: 14 ni nyingi mno.

Jaribio refu la saa 24 lilifanywa kwa mita za ujazo 11 kwa saa. Kina kilisomwa kila dakika kwa dakika kumi za mwanzo, kila dakika tano hadi saa ikaisha, kisha kila nusu saa. Kilitulia mita 47.8. Pampu ilipozimwa, maji yalirudi hadi mita 36 ndani ya saa mbili, dalili njema kwa kisima cha miamba migumu. Maji ya jaribio yalipelekwa kwa bomba la mita 100 hadi korongoni. Ukiyamwaga karibu na kisima yanazama na kurudi ndani, nawe unaandika matokeo mazuri ya uongo.

Ubora wa maji: floraidi miligramu 1.1 kwa lita, chini ya kiwango cha 1.5. Maji yana chumvi kidogo, yanaonekana kwenye sabuni, lakini yananyweka. Nitreti ni miligramu 38, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 50. Hiyo ndiyo iliyotusumbua. Zizi la ng'ombe lilikuwa mita 20 kutoka kisimani na jamvi la zege kuzunguka kasingi lilikuwa limepasuka, kwa hiyo mkojo na maji ya mvua vilikuwa vinateremka kando ya kasingi. Kwa upande wa vijidudu, kisimani hakukuwa na E. coli, kijidudu cha kinyesi, hata mmoja katika mililita 100, ila sampuli ya gati la mbali ilikuwa nao. Uchafu unaingia njiani, kwenye mabomba.

Juni: hesabu ya mahitaji, na bomba linalovuja

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kwa watu 250. Watu 2,300 ni lita 57,500. Wanafunzi 520 kwa lita 5 kila mmoja ni lita 2,600. Zahanati imepewa lita 1,400. Jumla lita 61,500 kwa siku. Kisima kikivuta mita za ujazo 11 kwa saa katika saa sita za jua zuri, kinatoa lita 66,000. Inatosha kwa shida, na hapo bado upotevu haujahesabiwa.

Upotevu ulipimwa usiku. Magati yote yalifungwa, injini ikazimwa, kina cha tangi kikasomwa saa tatu usiku na tena saa kumi na moja alfajiri. Tangi lina kipenyo cha mita 5 kwa ndani, kwa hiyo kila sentimita ya kina ni takriban lita 196. Maji yalikuwa yameshuka sentimita 21, yaani zaidi ya lita 4,100 ndani ya saa nane. Kwa siku nzima ni zaidi ya lita 12,000, sawa na mgawo wa watu karibu 500. Kuziba kuvuja huko ni rahisi kuliko kununua paneli za kuyarudisha maji hayo, na kisima hiki hakingeyarudisha hata kingewekewa paneli mia.

Kutafuta panapovuja kulienda tawi kwa tawi: funga valvu moja, subiri saa moja, soma tangi. Tawi la mashariki lilibeba karibu upotevu wote. Bomba lilikuwa limelazwa sentimita 30 tu chini ya njia ya ng'ombe, viungo vimelegea kwa kukanyagwa. Sehemu mbili bomba lilitobolewa kwa makusudi ili mifugo inywe. Ni rahisi kuita huo uharibifu na kupita, lakini usanifu wa kwanza haukuweka tone kwa mnyama yeyote katika kijiji cha wafugaji, na bomba lililopita njiani mwao ndilo lililolipa. Safari hii birika moja la zege limewekwa mwisho wa bomba la tangi la kumwaga maji ya ziada, na limepewa lita 4,000 kwa siku: kwa ndama na punda wa kubeba maji. Makundi makubwa yataendelea kwenda lambo. Mkutano wa kijiji ulikubali mgawo huo baada ya mabishano marefu, na kwa maoni yetu mabishano hayo yana thamani kuliko uzio wowote.

Julai: kisimani

Pampu ya zamani ilitolewa kwa winchi ya mnyororo kwenye miguu mitatu ya chuma. Kila kipande cha bomba kinashikwa na kibano cha juu na cha chini kabla ya kufunguliwa. Kibano kimoja kikiteleza, mabomba yote yanaanguka na kisima kinapotea. Mabomba matatu ya chini yalikuwa yameliwa na kutu hadi nyuzi za kiungo zikabaki nyembamba kama karatasi. Baada ya hapo kisima kilisafishwa kwa kompresa ya hewa mpaka maji yakatoka meupe, na mita 3 za tope na mchanga zikaondoka chini.

Kisha klorini. Kasingi ya milimita 150 inabeba lita 17.7 kwa kila mita. Maji yaliyosimama kutoka mita 34 hadi 96 ni mita 62, takriban lita 1,100. Kwa dozi ya miligramu 100 kwa lita inahitajika gramu 110 za klorini halisi, na kwa unga wa klorini uitwao HTH, wa asilimia 65, ni gramu 170. Unga unaongezwa kwenye maji ndani ya ndoo ya plastiki. Kamwe maji yasimwagwe juu ya unga. Mchanganyiko unaachwa utulie, maji ya juu yanamiminwa kisimani, mashapo yanatupwa. Pampu ya majaribio ilizungusha maji kwa mpira kurudi kisimani ili kuta za juu nazo zioshwe. Yakakaa hadi kesho yake, kisha yakavutwa na kumwagwa mbali na mazao hadi klorini iliposhuka chini ya miligramu 0.5.

Kuchagua pampu: kina cha maji ikivuta ni mita 48. Tumeongeza mita 4 kwa ajili ya kiangazi kikali, mita 24 za kupanda hadi tangini na mita 6 za msuguano. Jumla mita 82. Kupandisha mita za ujazo 11 kwa saa kwa kimo hicho ni wati 2,458 za kazi halisi. Pampu na mota kwa pamoja tumezihesabia ufanisi wa asilimia 50, hivyo mota inataka karibu wati 4,900. Vumbi na joto vinakula nguvu ya paneli, kwa hiyo tumezidisha kwa 1.3 na kupata wati 6,400. Paneli 20 za wati 330 zinatoa wati 6,600. Zimefungwa misururu miwili ya paneli kumi kumi.

Pampu imekaa mita 62, mahali ambapo kasingi haina matundu, ili maji yanayoingia yapite kwanza pembeni ya mota na kuipoza. Kihisi cha maji kimefungwa mita 2 juu ya pampu. Maji yakishuka hapo, kontrola, yaani kifaa kinachoiongoza mota, inazima. Kamba ya usalama ni ya nailoni, haiozi. Kiungo cha waya ndicho sehemu dhaifu kuliko zote. Kila uzi uliunganishwa kwa urefu tofauti na mwenzake ili viungo visigusane, ukafunikwa kwa kifuko cha utomvu mgumu kisichopitisha maji, ukaachwa ukauke kabisa. Kabla ya kuteremsha, kiungo kilizamishwa kwenye ndoo ya maji na kupimwa kwa kipima ukinzani wa waya. Kupima wakati pampu iko juu ni kazi ya dakika chache; kupima baada ya mota kufa ni kuitoa upya mita zote 62.

Siku ya kuwasha, maji yalitoka machache na tangi likachelewa. Mota ya fezi tatu ikizunguka kinyume bado inasukuma maji kidogo, ndiyo maana mafundi wengi hulaumu kisima au jua. Badilisha nyaya mbili kati ya tatu kwenye kontrola, kisha linganisha mtiririko na ule wa awali. Ule mkubwa ndio sahihi. Baada ya kubadilisha, pipa la lita 200 lilijaa kwa sekunde 65.

Jamvi la kisima limevunjwa na kujengwa upya: nusu kipenyo mita 2, mteremko kuelekea mfereji, na mchanganyiko wa saruji umemiminwa kati ya kasingi na udongo hadi mita 5 chini. Zizi limehamishwa hadi mita 60, upande wa chini wa mteremko.

Agosti: paneli, mabomba, magati

Kongwa iko kusini mwa ikweta, takriban nyuzi 6, kwa hiyo paneli zinatazama kaskazini. Mwinamo ni nyuzi 15, zaidi ya latitudo inavyodai, kwa sababu paneli iliyolala sana haioshwi na mvua na vumbi linaganda ukingoni chini. Mgunga mmoja ulikuwa unatupa kivuli kwenye paneli ya pembeni kuanzia saa kumi alasiri. Kivuli kwenye paneli moja kinapunguza nguvu ya msururu mzima, si ya paneli ile peke yake. Tulisogeza fremu badala ya kukata mti.

Usafi: alfajiri, kabla kioo hakijapata moto, kwa maji na kitambaa laini, bila sabuni wala mchanga. Kiangazi ni kila wiki. Maji ya baridi kwenye kioo cha saa saba mchana yanaweza kukipasua. Boliti ni za kufungwa kwa spana maalumu, fremu imeshikwa na zege, na waya wa kutuliza radi umeshuka hadi kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa. Injini ya dizeli haikuuzwa: inabaki kuendesha jenereta kwa siku za mawingu na kwa miezi ya Septemba hadi Novemba, ambapo saa mbili za ziada jioni zinaongeza lita 22,000.

Bomba jipya la mashariki ni poli, yaani plastiki, ya milimita 63, PN10 (inahimili shinikizo la bar 10), kwenye mtaro wa sentimita 90. Chini ya njia za ng'ombe linapita ndani ya bomba la chuma. Mtaro ulitandikwa mchanga uliochujwa, kwa sababu jiwe kali chini ya poli litalitoboa baada ya miaka, sehemu ambayo hakuna atakayeikumbuka. Mahali pa juu kabisa pamewekwa valvu ya hewa na pa chini kabisa valvu ya kusafishia. Bila valvu ya hewa, gati la mwisho linakohoa na kutoa upepo hata tangi likiwa limejaa. Bomba lilijaribiwa kwa shinikizo mara moja na nusu ya lile la kazi kabla ya kufukiwa. Viungo viwili vililoa, vikakatwa na kurudiwa.

Magati sasa ni tisa, kila moja na koki mbili na mita yake. Kwa watu 250 kwa kituo yalitakiwa kumi. La kumi linasubiri fedha. Sehemu iliyochukua fikra nyingi ni maji yanayomwagika. Gati lisilo na mfereji linageuka dimbwi, dimbwi linaita mifugo na mbu, na kina mama wanasimama kwenye tope na ndoo kichwani. Mfereji wa mita 6 unaishia kwenye shimo la kokoto la kina cha mita 1.5, magati mawili yaliyo karibu na nyumba yanamwaga kwenye migomba. Kuna jiwe la kutua ndoo lenye kimo cha kiuno, ili mtu ajitwike bila kusaidiwa. Wanawake wa kijiji waliliomba na wakasema liwe juu kiasi gani.

Upimaji wa usiku umerudiwa baada ya kazi: tangi limeshuka sentimita 2.

Septemba: vyoo vya shule

Mwongozo wa shule nchini ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Wasichana ni 270, hivyo matundu 14. Wavulana 250, matundu 10 na sehemu ya kukojolea. Fedha zinatosha awamu moja, na wasichana wameanza. Bila choo chenye mlango na maji, msichana aliye kwenye hedhi anabaki nyumbani. Pamewekwa chumba chenye koki, ndoano, kioo na pipa lenye mfuniko, karibu na kichomea taka. Tundu moja lina njia ya mteremko wa 1 kwa 12 na vishikizo kwa mwenye ulemavu.

Mashimo ni mawili, kila moja mita 7.5 kwa 1.5, kina mita 3, na kila moja lina matundu saba juu yake. Tumehesabu mita za ujazo 0.03 kwa mwanafunzi kwa mwaka, yaani 8.1 kwa wasichana wote. Ukiacha nusu mita juu bila kujaza, mashimo yote yanabeba mita za ujazo 56, takriban miaka saba. Nyuma kuna vifuniko vya kunyonyea, na gari linaweza kufika. Choo cha shule kisichofikiwa na gari kitafungwa kikijaa, hata kama kuta bado ni nzuri. Udongo wa juu ni mchanga unaobomoka, kwa hiyo tofali zimejengwa hadi chini, na safu za chini zimeachiwa nafasi za wima ili maji yapite.

Jamvi ni zege la 1:2:3 (saruji, mchanga, kokoto), unene sentimita 10, nondo za milimita 10 kila sentimita 15. Lilifunikwa kwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa wiki moja. Mafundi wa hapa huona kazi hiyo kama kupoteza maji wakati wa kiangazi. Zege lililokauka haraka linapasuka pale pale kwenye tundu, mahali panapobeba mguu wa mtoto. Upana wa tundu ni sentimita 16, mtoto wa darasa la kwanza hawezi kupita.

Vyoo ni vya aina iliyobuniwa na Peter Morgan huko Zimbabwe, wakati huo Rhodesia, katika miaka ya 1970. Kazi yake imeenea kwa sababu inatumia tabia ya inzi. Upepo ukipita juu ya bomba la hewa unavuta hewa kutoka shimoni, harufu inapanda, na hewa safi inaingia kupitia tundu. Inzi aliyeko shimoni hufuata mwanga; mwanga mkali zaidi uko juu ya bomba, anapanda, anakutana na wavu, anafia hapo. Mambo matatu yanaua utaratibu huu, na yote tuliyakuta kwenye vyoo vya zamani vya shule hiyo hiyo. La kwanza ni mwanga: paa lenye bati la kupitisha mwanga, au milango inayoachwa wazi, na inzi anatokea tundu la kuchuchumalia. La pili, bomba la milimita 75 lililoishia chini ya ukingo wa paa, ambako hakuna upepo. Yetu ni ya milimita 150, yanazidi paa kwa nusu mita. La tatu, wavu wa chuma wa kawaida, ambao gesi ya shimo huula upesi. Wavu wa sasa ni wa chuma kisichoshika kutu, na fundi ameonyeshwa namna ya kuubadilisha kwa waya bila kupanda juu ya bati. Buibui naye hujenga ndani ya bomba na kuzuia hewa, kwa hiyo ndoo ya maji inamwagwa kutoka juu kila mwisho wa muhula.

Paa la madarasa lina mita za mraba 240. Kwa mvua ya milimita 500 na upotevu wa asilimia 20 linakusanya lita 96,000 kwa mwaka. Kwa wanafunzi 520 wanaotumia lita 5 kila mmoja, maji hayo hayafikishi hata siku 40 za masomo. Mvua za hapa pia haziaminiki: mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulianguka Kongwa, na ukame ulikuwa mojawapo ya sababu. Kwa hiyo maji ya paa yamepewa kazi ya kuosha vyoo tu, na shule imeunganishwa na bomba la kijiji.

Oktoba: nyumba kwa nyumba

Mradi haulipii vyoo vya kaya. Unalipa mafundi wa kijiji wafundishwe, na unawapa kalibu za chuma za kufinyangia jamvi dogo la sentimita 60 kwa 60, unene sentimita 5. Ni wazo lililoanzia Msumbiji mwaka 1979 kwa Björn Brandberg. Jamvi hilo linawekwa juu ya sakafu ya miti na udongo ambayo familia inayo tayari. Choo kinapata sehemu laini inayooshwa na mfuniko unaoziba. Mashimo ya mviringo yanahimizwa, kwa kuwa kona za shimo la mraba ndizo zinazoanza kubomoka mvua zikifika.

Kwenye kunawa uso, kikwazo si ubishi. Mama aliyetembea na ndoo moja anaona maji ya uso ni anasa. Maonyesho yanafanyika gatini: kikombe cha mililita 50, mtoto mmoja, uso safi na tongotongo limetoka. Lita moja ni nyuso 20. Ndoo moja ya lita 20 ni nyuso 400. Bibi mmoja aliyetazama alimwambia mkwewe, "Mwanangu, kumbe tulikuwa tunaogopa kikombe." Tangu hapo wahamasishaji wanabeba kikombe, mabango yanabaki ofisini.

Kibuyu chirizi cha kunawia: dumu la lita 5, tundu la milimita 2 lililotobolewa kwa msumari wa moto sentimita 12 juu ya kitako, kamba shingoni hadi kijiti cha kukanyaga. Tundu likiwa kubwa, dumu linaisha kabla familia haijanawa. Sabuni ikining'inizwa wazi huliwa na panya au kunguru. Chupa ya plastiki iliyotobolewa inailinda. Nyumba isiyo na sabuni inatumia majivu kwa mikono, kamwe si kwa uso. Kibuyu cha watoto kinafungwa kwenye kimo cha mtoto, jambo linalosahaulika karibu kila nyumba.

Maji yaliyo safi gatini yanaharibika ndani ya dumu. Dumu lenye ukijani ndani linatiwa kokoto ndogo na maji nusu, linatikiswa, linasuuzwa.

Novemba: fedha za maji

Kwa dizeli ndoo iliuzwa shilingi 50. Sasa ni 30. Zikiuzwa lita 50,000 kwa siku, mapato ni shilingi 75,000, takriban 2,250,000 kwa mwezi. Wauzaji wa magati wanapata asilimia 20. Mlinzi, mwendesha mtambo, klorini na mafuta ya jenereta vinafuata. Pampu na kontrola vimegharimu shilingi milioni 16 na tumevihesabia maisha ya miaka minane, kwa hiyo kamati inatenga shilingi 170,000 kila mwezi kwenye akaunti ya pekee. Wajumbe wengine walitaka bei ishuke hadi 20. Hesabu iliwekwa ubaoni: mapato yanakuwa 1,500,000, na kitu cha kwanza kukatwa kingekuwa hizo 170,000, kwa kuwa pampu mpya hailalamiki. Bei imebaki 30. Kaya za wazee wasiojiweza, zilizotajwa na kila kitongoji, zinachota bure ndoo mbili kwa siku, na mita ya gati inaandikwa tofauti.

Kila asubuhi muuzaji anasoma mita ya gati na mwendesha mtambo anasoma mita ya kisima. Tofauti ya namba hizo inasomwa kwenye mkutano wa mwezi. Ikizidi asilimia 10, upimaji wa usiku unafanywa tena.

Desemba: mvua za kwanza

Korongo lilijaa na kukata sentimita 40 za ukingo mahali bomba linapovuka. Bomba halikuguswa kwa kuwa liko ndani ya zege, ila gabioni, yaani mawe ndani ya vizimba vya waya, zimeongezwa upande wa juu. Sampuli za magati yote tisa hazina E. coli. Klorini inaendelea kutiwa tangini wakati wote wa mvua: gramu 62 za HTH kwa tangi lililojaa, ambayo ni miligramu 0.8 kwa lita, ili gati la mwisho libaki na kati ya 0.2 na 0.5. Watu wa magati ya karibu wanalalamikia harufu. Dozi inagawanywa mara mbili kwa siku ili isipande kwa mkupuo.

Nitreti imesomwa 36. Imeshuka kidogo mno kusema lolote. Itapimwa tena Machi na Juni, mvua zikiwa zimeosha udongo wa zizi la zamani, na ikipanda kuelekea 50 zahanati itajulishwa kwanza, kwa ajili ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo.

Yaliyobaki: matundu 10 ya wavulana, gati la kumi, seti moja ya akiba ya kihisi cha maji na kifuko cha kiungo cha waya vikae ofisi ya kamati, na fundi wa pili wa kontrola, kwa kuwa aliyefundishwa sasa ni mmoja tu na huondoka kijijini wakati wa kilimo.